Raja Ampat, Tuamotu au visiwa vya nje vya Ushelisheli: utweke tanga wapi?

Mtu akishaamua kukodi chombo kizima, chenye nahodha na mpishi wake, kwa ajili ya familia au marafiki wachache, kinachomkwamisha baada ya hapo mara nyingi si fedha tena. Ni ramani. Visiwa vya mbali hufanana pichani: mchanga mweupe, maji ya samawati, mnazi ulioinamia bahari. Mpigapicha alisubiri siku tulivu ndipo akabonyeza. Wewe utapewa wiki yako jinsi ilivyo.

Hapa nalinganisha sehemu tatu ambazo watu wa namna hiyo hujikuta wakizizungukia. Ya kwanza ni Raja Ampat, magharibi mwa Papua, nchini Indonesia. Ya pili ni Tuamotu, katika Polinesia ya Ufaransa. Ya tatu ni visiwa vya nje vya Ushelisheli, yaani Amirante, Alphonse, Farquhar na Aldabra. Zote ziko mbali, zote ni za tropiki, na kote utapata chombo chenye shuka safi na mpishi hodari. Tofauti zake ziko katika mambo ambayo matangazo huyapitia harakaharaka.

Vigezo vyangu ni vitano: upepo na majira, chombo, pamoja na kiasi cha tanga utakachopata kweli, kilichomo baharini na nchi kavu, kufika huko na umbali wa msaada, na vibali. Upepo nimeutanguliza na nitaukalia zaidi, maana ukikosea mwezi, godoro zuri halitakusaidia saa nane usiku wakati mawimbi yanakipiga chombo ubavuni.

Upepo na majira

Msomaji anayejua kusi na kaskazi tayari ana nusu ya elimu ya Ushelisheli. Kusi hutokea kusini-mashariki, Mei hadi Oktoba. Hewa hukauka, joto hupungua, na bahari ya wazi kati ya Mahé, kisiwa kikuu, na Amirante huchafuka, Julai na Agosti zaidi. Kaskazi ya huko ina tabia yake. Pepo za kaskazini-mashariki zikishavuka ikweta hupinda, kwa hiyo kati ya Desemba na Machi hufika visiwani zikitoka kaskazini-magharibi, nyepesi lakini zimebeba mvua. Baina ya majira hayo mawili kuna maleleji, karibu na Aprili na tena Oktoba hadi Novemba, ambapo maji hutulia na kung'aa hadi unaona mnyororo wa nanga ulivyolala chini. Wazamiaji husubiri mwaka mzima wapate wiki hizo. Wapenda tanga nao hukaa wakilitazama linavyoning'inia kama nguo iliyoanikwa.

Visiwa vilivyo karibu na Mahé viko nje ya njia ya kawaida ya vimbunga. Ukishuka kusini, kinga hiyo inapungua: Aprili 2016 kimbunga Fantala kiliipiga Farquhar na kubomoa sehemu kubwa ya majengo yaliyokuwapo.

Tuamotu ndiko kwenye upepo wa kutegemewa zaidi. Kuanzia Mei hadi Oktoba pepo za kusini-mashariki huvuma siku baada ya siku, mara nyingi noti 15 hadi 20 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, karibu kilomita 1.85), chini ya anga kavu. Zikizidi nguvu huitwa maraamu, na maraamu ikishika inaweza kukaa siku kadhaa bila kulegea. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga vya Pasifiki ya Kusini. Tuamotu hupigwa kwa nadra, ila mwaka wa El Niño, maji ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida, hesabu hubadilika. Msimu wa 1982 hadi 1983 ulileta vimbunga kadhaa, kimoja nyuma ya kingine, katika Polinesia ya Ufaransa.

Raja Ampat ni kinyume cha hayo. Ikweta inapita upande wake wa kaskazini, na hapo karibu na ikweta vimbunga haviundiki. Msimu wake mzuri ni Oktoba hadi Aprili, pepo zikiwa dhaifu na bahari ikiwa shwari kwa kiasi kikubwa, ingawa mvua hunyesha wakati wowote inapotaka na joto halina mapumziko. Kati ya Juni na Septemba upepo wa kusini-mashariki huamsha mawimbi, hasa kuizunguka Misool, ambayo iko kusini na haina wa kuikinga. Vyombo vingi vya kukodi huhama miezi hiyo kwenda Komodo, na vinavyobaki hushikamana na Mlango wa Dampier, kaskazini zaidi.

Kwa hiyo Raja Ampat na Tuamotu hupokezana: moja ikifunga, nyingine inafungua. Mtu ambaye likizo yake ina tarehe zisizosogea ameshafanya nusu ya uamuzi kabla ya kusoma aya inayofuata.

Chombo, tanga na nanga

Raja Ampat utasafiri kwa pinisi. Ni majahazi ya mbao yenye milingoti miwili, yanayoundwa kwa mkono pwani ya Sulawesi Kusini, katika vijiji kama Tana Beru. Ufundi wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Ndani ya pinisi ya kisasa ya kukodi kuna vyumba vikubwa vyenye mabafu yake, sitaha pana ya kulia chakula, mtambo wa kujaza mitungi ya kuzamia, na mabaharia ambao idadi yao hukaribia ya wageni au kuipita. Lakini tuseme ukweli: tanga hapa ni pambo. Upepo wenyewe ni mdogo, chombo ni kizito, na injini ndiyo inayokupeleka. Matanga hutwekwa jioni moja tu, kwa muda wa saa moja, boti ya mpira inazunguka na mpigapicha, kisha yanakunjwa. Kama ulichotamani ni kusikia maji yakipita ubavuni injini ikiwa kimya, utarudi na kiu yako.

Jambo moja la kuuliza bila haya kabla ya kukodi pinisi: lini nyaya za umeme zilifanyiwa kazi, ving'amuzi vya moshi viko wapi, kila chumba kina njia ngapi za kutokea, na nani hukesha usiku. Mbao, dizeli na chaja za kamera za wageni kumi na wawili si mchanganyiko wa kuachia bahati. Wakala mzuri hatakasirika kuulizwa.

Tuamotu chombo chako kitakuwa katamarani, boti ya bodi mbili zilizounganishwa kwa sitaha moja, urefu wa mita 15 hadi 20 hivi, ikiendeshwa na nahodha na mpishi, pengine na baharia wa tatu. Haizami sana majini, na hilo ni neema mahali penye matumbawe. Haiyumbi kama boti ya bodi moja, kwa hiyo glasi inakaa mezani. Upungufu wake ni faragha: wafanyakazi wanalala hatua chache kutoka kwako, na mkigombana wawili, wote mmesikia.

Hapa utapata tanga la kweli, na pamoja nalo ubaharia wa kweli. Atoli ni pete ya matumbawe iliyozunguka ziwa la maji chumvi, na ziwa hilo huingiwa kwa mlango mmoja au miwili. Maji yote yanayojaa na kupwa hupita hapo. Tena mawimbi makubwa ya kusini yakimwagika juu ya mwamba upande wa pili, ziwa hufurika na maji huendelea kutoka mlangoni hata saa ambayo jedwali linasema yangekuwa yanaingia. Mkondo unaweza kufika noti 6 na kuzidi, wakati katamarani kwa injini zake hukimbia noti 7 au 8 tu. Nahodha husubiri maji yasimame, naye asipokuwa na uhakika hubaki nje akizunguka, wageni wakinung'unika.

Ndani ya ziwa kazi haijaisha. Vichwa vya matumbawe huinuka kutoka kilindini hadi karibu na uso wa maji, kwa hiyo chombo hutembea jua likiwa juu na upande wa nyuma, mtu amesimama omo, mbele kabisa ya chombo, akisoma rangi: samawati iliyokolea ni salama, kahawia ni mwamba. Mnyororo wa nanga hufungiwa maboya madogo uelee, usije ukajisokota kwenye matumbawe na kuyavunja. Upepo ukigeuka mnahama, kwa sababu ziwa kama la Rangiroa, lenye urefu wa kilomita 80 hivi, linatosha kuinua mawimbi yake lenyewe. Louis-Antoine de Bougainville alipopita 1768 aliviita Visiwa vya Hatari, na hakuwa akitia chumvi. Minazi ya atoli huonekana ukiwa umeshakaribia mno. Tarehe 7 Agosti 1947 chelezo cha Thor Heyerdahl, Kon-Tiki, kilikwama juu ya mwamba wa Raroia baada ya siku 101 kutoka Peru. Leo kuna GPS na picha za setilaiti, lakini mlango bado ni mlango.

Na hesabu hii wengi huikosea: Fakarava iko kusini-mashariki ya Rangiroa. Ukianzia Rangiroa utapiga bisha dhidi ya upepo siku zote. Ukianzia Fakarava, ukapita Toau na Apataki kuelekea Rangiroa, upepo unakusukuma kutoka nyuma. Safari ni ileile, visiwa ni vilevile, ila moja utaikumbuka kwa furaha na nyingine kwa dawa za kichefuchefu.

Ushelisheli kuna katamarani kama za Tuamotu, na nyingi hutoka Mahé. Tatizo ni umbali. Desroches, iliyo mlangoni mwa Amirante, iko kilomita 230 hivi kutoka Mahé: usiku mmoja wa bahari ya wazi kwa mwendo wa noti 8. Alphonse ni kilomita 400. Aldabra ni zaidi ya kilomita 1,100, yaani siku tatu mchana na usiku bila kusimama. Kwa Aldabra watu wengi huchukua chombo kikubwa cha injini chenye akiba ya mafuta ya kwenda na kurudi. Huko hakuna pampu. Kwa hiyo Ushelisheli utapata tanga la masafa marefu, kisha siku za kutia nanga pembeni mwa visiwa bapa ambavyo, kusi ikivuma, hutoa kinga ndogo dhidi ya mawimbi ingawa mwamba hupunguza ukali wake.

Kilichomo baharini na nchi kavu

Kwa wingi wa aina za viumbe, Raja Ampat haina mpinzani kati ya hizi tatu, na hilo si maneno ya mauzo. Iko katikati ya Pembetatu ya Matumbawe, eneo la bahari lenye aina nyingi zaidi za matumbawe duniani. Zaidi ya aina 550 za matumbawe magumu zimeorodheshwa huko. Mwaka 2012 mtaalamu wa samaki Gerald Allen alihesabu aina 374 za samaki katika mzamio mmoja tu pale Cape Kri. Sababu ni mikondo: maji ya Pasifiki yanayosukumwa kuelekea Bahari ya Hindi hubanwa kati ya visiwa na kuleta chakula muda wote. Mikondo hiyohiyo humchosha mzamiaji mgeni, kwa hiyo usidhani shwari ya juu ina maana ya shwari ya chini. Utaona taa aina ya manta wakisafishwa na samaki wadogo, na usiku yule papa mfupi anayetembea sakafuni kwa mapezi yake kana kwamba ana miguu. Nchi kavu kuna vilele vya chokaa vya Wayag na Piaynemo, na alfajiri msituni Waigeo au Batanta kuna ndege wa peponi wa Wilson, ambaye kwa asili haishi popote pengine isipokuwa visiwa hivyo viwili. Asiyezamia hapati hasara.

Tuamotu ina aina chache zaidi, ila viumbe wakubwa kwa wingi unaotia woga kidogo. Mlango wa kusini wa Fakarava, uitwao Tumakohua, hukusanya mamia ya papa wa kijivu, wengi zaidi karibu na mwezi mpevu wa Juni au Julai, chewa wanapofika kutaga mayai. Pale Tiputa, mlango wa Rangiroa, pomboo hucheza maji yanapotoka. Papa wanalindwa katika maji yote ya Polinesia ya Ufaransa tangu 2012, na Fakarava pamoja na atoli sita jirani ni hifadhi ya uhai inayotambuliwa na UNESCO. Juu ya maji, hata hivyo, atoli ni mchanga, minazi, kijiji kimoja na anga. Wapo wanaoona huo ndio utajiri wenyewe. Wapo ambao siku ya tano huanza kuuliza kama kuna mlima mahali popote karibu.

Visiwa vya nje vya Ushelisheli ni vya wanyama kuliko vya mandhari: kasa wanaopanda ufuoni, ndege wa baharini kwa maelfu, na maji ya kina kifupi yaliyowafanya wavuvi wa ndoana ya nyoya waijue Alphonse na Saint François. Aldabra iko peke yake. Ni urithi wa dunia tangu 1982, ina kobe wakubwa zaidi ya 100,000, na ndege mmoja asiyeruka ambaye ni wa mwisho wa namna hiyo katika Bahari ya Hindi. Maji yakipwa, ziwa lake hutoka kwa kasi kupitia milango myembamba na kuacha visiwa vidogo vyenye umbo la uyoga, vilivyoliwa chini na mawimbi. Atakayeifikia amefika mahali ambapo wachache sana hufika kila mwaka. Anayeishia Amirante ataona uzuri mtulivu zaidi, na asivunjike moyo kwa kukosa kobe.

Kufika, na umbali wa msaada

Mahé ina uwanja wa ndege wa kimataifa na unaweza kupanda chombo siku hiyohiyo. Tuamotu unafika Tahiti kwanza, kisha ndege ya ndani ya saa moja hivi hadi Rangiroa au Fakarava. Kutoka Tahiti kwa tanga ungepiga bisha, na ndiyo maana wengi huruka. Raja Ampat inakutaka ufike Sorong, saa nne hivi za kuruka kutoka Jakarta, baada ya safari uliyokwisha kuifanya hadi hapo. Weka siku moja ya akiba kabla ya kupanda chombo popote kati ya hizi. Mwishoni pia: baada ya mzamio wa mwisho mzamiaji hupaswa kukaa angalau saa 18 kabla ya kuruka, na manahodha wengi hudai 24.

Upande wa afya tofauti ni kubwa. Papua ina malaria, na mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga anapaswa kulipima hilo na daktari wake kabla ya kulipia chochote. Ushelisheli na Polinesia ya Ufaransa hazina malaria, ingawa homa ya dengi hutokea. Tuamotu mgonjwa mahututi hupelekwa Papeete kwa ndege. Atoli nyingi zenye watu zina viwanja vidogo. Desroches na Alphonse nazo zina viwanja. Aldabra haina kabisa, na hapo ndipo neno “mbali” linapoonyesha maana yake. Bima ya kuhamishwa kwa ndege pamoja na ajali za kuzamia si ya hiari katika safari hizi, na isome yote, kwa sababu baadhi hukataa mahali ambapo chombo kiko zaidi ya umbali fulani kutoka nchi kavu.

Ushelisheli kuna jambo la ziada ambalo halipaswi kufichwa wala kukuzwa. Oktoba 2009 wenzi wawili wa Kiingereza walitekwa na maharamia kutoka Somalia wakiwa katika boti yao ya matanga karibu na visiwa hivi, wakashikiliwa zaidi ya mwaka mmoja. Hali ilibadilika sana baadaye. Mwanzoni mwa 2023 mashirika ya meli yaliondoa Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa, kisha mwishoni mwa mwaka huohuo mashambulizi yakaanza kuripotiwa tena karibu na Somalia. Visiwa vya ndani, vilivyo karibu na Mahé, haviguswi na mjadala huo. Kwa safari ya kwenda mbali magharibi, mwombe mwenye chombo akuonyeshe kwa maandishi kwamba bima yake inayafunika maji mtakayopita.

Vibali

Hili ni la wakala wako, lakini lijue. Raja Ampat kila mgeni hulipia kadi ya hifadhi, na miamba ina wenyewe: vijiji hushikilia haki za kimila juu ya bahari, huweza kufunga sehemu kwa muda, na kibali chao kina uzito kuliko saini ya ofisi ya mbali. Machi 2017 meli ya utalii ilikwama karibu na Kri na kuharibu zaidi ya mita za mraba 13,000 za matumbawe. Tangu hapo nahodha anayetia nanga ovyo hana wa kumtetea.

Polinesia ya Ufaransa haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Anayehitaji visa ahakikishe imeandikwa kwamba inatumika huko, maana visa ya Paris pekee haifui dafu. Moruroa na Fangataufa, palipofanyiwa majaribio ya nyuklia kati ya 1966 na 1996, zimefungwa kwa wageni.

Ushelisheli haidai visa kwa karibu kila taifa, ila ruhusa ya kusafiri huombwa mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Visiwa vingi vya nje viko chini ya Islands Development Company na kushuka kunahitaji idhini. Aldabra inasimamiwa na Seychelles Islands Foundation. Hakuna anayekanyaga huko bila kibali cha mapema na bila kufuatana na watu wa hifadhi. Anza miezi mingi kabla.

Kuhusu gharama nitasema kidogo tu, kwa sababu tarakimu hubadilika lakini mitego haibadiliki. Pinisi kwa kawaida hutaja bei inayojumuisha chakula, mafuta na kuzamia. Katamarani na vyombo vikubwa mara nyingi hutaja bei ya chombo pekee, kisha huomba fungu la matumizi la asilimia 25 hadi 35 juu yake kwa mafuta, chakula na ada za bandari, nawe hurudishiwa kinachobaki. Ukiweka bei hizo mbili bega kwa bega bila kuuliza, utadhani moja ni rahisi. Uliza pia mtambo wa kuondoa chumvi hutoa lita ngapi kwa siku na kama kuna vipuri vyake. Atoli hazina mito, na anasa yote ya chombo huisha siku maji ya kuoga yanapoanza kupimwa kwa ndoo.

Kulingana na hali yako

Una Julai au Agosti tu: Tuamotu ndiyo inayofunguka vizuri zaidi, mradi kundi lako linavumilia upepo. Ushelisheli miezi hiyo bado inawezekana ukikaa visiwa vya ndani, Praslin na La Digue, na kuiacha Amirante kwa siku nyingine. Raja Ampat iache.

Una mwisho wa mwaka: Raja Ampat. Ushelisheli pia, kwa anayekubali mvua za vipindi. Tuamotu ya Desemba hadi Machi ni kwa mtu mwenye mkataba unaomruhusu kuahirisha na moyo unaomruhusu kukubali.

Una Aprili, au Novemba, na kundi lenye mchanganyiko wa watoto, wazee na mzamiaji mmoja asiyetulia: katamarani kutoka Mahé, siku nne visiwa vya ndani, kisha usiku mmoja hadi Desroches kama hali ya hewa inakubali. Hospitali haiko mbali, malaria hakuna, na anayechoka na bahari anaweza kurudi kwa ndege bila kuvunja safari ya wenzake.

Ninyi ni wawili tu, mnataka kuendesha chombo wenyewe mkono kwenye usukani na nahodha akiwa mwalimu pembeni: Tuamotu, siku kumi au zaidi, Fakarava kwenda Rangiroa. Wiki moja haitoshi. Milango miwili na maraamu moja vitaimaliza.

Ninyi ni kumi, wanane wanazamia, wawili wanasoma vitabu: pinisi, Raja Ampat, siku kumi na moja au kumi na mbili, Mlango wa Dampier kwanza kisha Misool. Wale wawili wapatieni alfajiri ya ndege wa peponi na siku ya Wayag kama ratiba inafika kaskazini.

Umeshasafiri sana, unachotaka ni mahali ambapo hakuna chombo kingine kinachoonekana hadi upeo wa macho, na una wiki mbili pamoja na mwaka mzima wa kusubiri vibali: Aldabra, wakati wa maleleji, katika chombo chenye daktari.

Na ukibaki na majina mawili bila kuweza kuchagua, waandikie manahodha wote wawili swali moja: katika wiki yangu, usiku wa pili tutatia nanga wapi, na upepo ukigeuka tutahamia wapi? Mmoja atakutumia picha. Mwingine atakutajia jina la ghuba, kina chake na upande unaokingwa.